Saa sita za teknesiamu, saa ishirini za barabara

Gari likiondoka Dar es Salaam saa 12 jioni, likapita Dodoma, Singida, Nzega, Kahama na Nyakanazi bila dereva kulala, litaingia Kakonko kesho yake mchana, na Mtendeli iko hapo jirani. Tuseme safari ya saa 20, zaidi ya kilomita 1,100. Ndani yake tuweke bomba moja la sindano lenye megabekereli 200 za teknesiamu-99m, kiasi kinachotosha kumpiga mtu mzima picha inayoonyesha figo zake zinavyofanya kazi. Teknesiamu hiyo hupungua nusu kila baada ya saa 6. Ikifika saa 6 usiku zimebaki 100. Saa 12 alfajiri, 50. Saa 6 mchana, 25. Dereva anapozima injini saa 8 mchana zimebaki 20 tu, moja ya kumi ya mzigo aliokabidhiwa. Ili Mtendeli ipate 200, Dar ingelazimika kupakia 2,000.

Hakuna mtu anayesafirisha dawa hiyo namna hiyo. Anayesafiri ni mgonjwa. Lakini hesabu ile ndiyo inayoamua nani katika nyanda za juu za Kigoma atapata kipimo hiki, kwa shilingi ngapi na baada ya kusubiri muda gani. Katika biashara ya vifuatiliaji vya mionzi, yaani zile chembe zinazodungwa mwilini ili kamera izifuate zinakokwenda, kinachouzwa hasa ni muda.

Mtendeli wengi wanaijua kwa kambi ya wakimbizi. Ilifunguliwa upya Januari 2016, baada ya vurugu za Burundi za 2015 kuijaza kambi ya Nyarugusu, Kasulu, kupita kiasi, na katika kilele chake ilihifadhi takriban watu 50,000. Mwishoni mwa 2021 ilifungwa, waliobaki wakahamishiwa Nduta, upande wa Kibondo. Wenyeji hawakuhama. Wilaya yao ya Kakonko ilimegwa kutoka Kibondo mwaka 2012, na wanaendelea kulima maharage, mahindi na mihogo kama zamani. Sensa ya 2022 ilihesabu watu 2,470,967 katika mkoa mzima wa Kigoma. Kuanzia Kakonko, ushuke Kibondo, upite Kasulu hadi Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Maweni kule ziwani, hakuna kamera ya gama, ile ya kufuata chembe hizo, hata moja. Huduma ya tiba ya nyuklia yenye historia ndefu zaidi nchini iko Taasisi ya Saratani Ocean Road, jijini Dar es Salaam.

Je, kuna anayeihitaji huduma hiyo huko Kigoma? Chukua mtoto wa kiume wa kilo 10 ambaye mama yake amempeleka hospitali ya wilaya kwa homa zisizokwisha na mkojo mchafu. Utrasaundi inaonyesha figo ya kushoto imevimba, imejaa mkojo. Hapo daktari ana maswali mawili ambayo utrasaundi haiwezi kuyajibu. La kwanza: mkojo umezibwa kweli, au mfereji ni mpana tu lakini unapitisha? La pili: figo hiyo iliyovimba inafanya sehemu gani ya kazi yote? Ikiwa inafanya asilimia 42, inafaa kuokolewa kwa upasuaji. Ikiwa inafanya chini ya 10, madaktari wengi wa upasuaji watafikiria kuitoa kabisa. Kwa mtu mwenye afya kila figo hubeba kati ya asilimia 45 na 55.

Kipimo cha damu cha kreatinini, kinachopatikana karibu kila hospitali ya wilaya yenye maabara, hakisaidii hapa kwa sababu damu haisemi imechujwa na figo ipi. Mtoto huyo anaweza kuwa na figo moja inayokufa na kreatinini iliyo sawa kabisa, maana ile nzima inabeba kazi ya mwenzake. Hata kwa figo zote mbili, kreatinini huchelewa kupaza sauti: nusu ya uwezo wa kuchuja inaweza kupotea kabla namba haijavuka mpaka wa kawaida. Na kwa watu wetu kuna kasoro nyingine. Utafiti uliochapishwa mwaka 2022, uliofanywa Uganda, Malawi na Afrika Kusini kwa watu zaidi ya 2,500, ulilinganisha makadirio ya kreatinini na uchujaji uliopimwa moja kwa moja kwa iohexol, kimiminika kisicho na mionzi. Makadirio yalizisifia figo kuliko zilivyostahili. Kreatinini hutoka kwenye misuli. Mwenye misuli michache hutoa kidogo, na kidogo hicho husomwa kana kwamba figo ni nzuri. Nani ana misuli michache zaidi ya mtoto wa mkulima aliyeugua miezi mitatu?

Kifuatiliaji hujibu maswali yale mawili kwa dakika 20 hadi 30. Mtoto analazwa juu ya kamera, anadungwa, kamera inahesabu. Figo nzuri huchora mstari unaopanda upesi, kufika kilele katika dakika ya 3 hadi ya 5, kisha kushuka kadiri mkojo unavyoteremka kwenye kibofu. Mstari ukipanda bila kushuka, mgonjwa hupewa furosemaidi, ile dawa ya kukojoza, miligramu 40 hivi kwa mtu mzima na kwa kilo kwa mtoto. Kama nusu ya kilichojaa kwenye figo itatoka ndani ya dakika 10, hakuna kizuizi. Ikipita dakika 20 bado kimejaa, kizuizi kipo. Kati ya 10 na 20 ni eneo la ubishi, na madaktari wa mionzi wanaweza kubishana hapo mchana kutwa.

Vifuatiliaji vinavyotumika zaidi ni viwili na vinapishana kwa namna vinavyoingia figoni. Kila dakika takriban lita 1.1 ya damu hupita kwenye figo, na ndani yake mna kama mililita 600 za plazma. DTPA huchujwa tu kwenye vichujio, ambavyo hukamata asilimia 20 ya kinachopita: asilimia 20 ya 600 ni mililita 120 kwa dakika, ndiyo ile namba maarufu ya uchujaji wa mtu mzima mwenye afya. MAG3 hukamatwa na kuta za mirija ya figo zenyewe, karibu nusu ya kinachopita, ndiyo maana huondoka kwenye damu kwa kasi ya kama mililita 300 kwa dakika. Kwa figo changa ya mtoto mchanga au figo iliyochoka ya mtu mzima, tofauti hiyo ndiyo inayotenganisha picha inayosomeka na ukungu.

Kiasi kinachodungwa ni kidogo cha kushangaza. Megabekereli 200 za teknesiamu-99m zina uzito wa nanogramu moja, yaani gramu moja uigawe mara bilioni. Mtoto wetu wa kilo 10 angepewa MAG3 ya megabekereli 37. Kuhusu hofu ya mionzi, ambayo ni halali na wazazi huiuliza: megabekereli 100 za MAG3 humpa mtu mzima mwenye figo nzuri takriban milisiveti 0.7. Wastani wa dunia wa mionzi ya asili, ile itokayo ardhini, angani na kwenye chakula, ni 2.4 kwa mwaka. Kiasi hicho ni sawa na miezi mitatu na nusu ya kuishi tu. CT scan moja ya tumbo hupita hapo zaidi ya mara kumi, na sijawahi kusikia mtu akiikimbia CT scan.

Sasa bei. Teknesiamu-99m haichimbwi. Huzaliwa na molibdenamu-99, na molibdenamu hiyo hutengenezwa kwa kuchoma vipande vya urani ndani ya kinu cha nyuklia kwa siku kadhaa, kisha kuviyeyusha na kuitenga. Vinu vinavyofanya kazi hiyo duniani ni vya kuhesabika kwa vidole. Kilicho karibu nasi ni SAFARI-1 cha Pelindaba, jirani na Pretoria, kilichowashwa mwaka 1965. Cha Petten, Uholanzi, kiliwashwa 1961. Vingi ni vizee, na uzee wao umeshaifikia dunia: kinu cha Chalk River, Kanada, kilipovuja maji mazito na kusimama kuanzia Mei 2009 hadi Agosti 2010, huku Petten nacho kikisimamishwa kwa matengenezo katikati ya kipindi hicho, hospitali tajiri za Ulaya na Marekani zilikuwa zikiahirisha wagonjwa wiki baada ya wiki.

Ungedhani kinu ndicho kinachokula fedha nyingi. Shirika la Nishati ya Nyuklia la nchi za OECD lilichapisha mwaka 2010 uchambuzi wa mnyororo mzima, na kwa wastani wake kipimo kimoja hospitalini kiligharimu Yuro 245. Sehemu iliyokuwa ikirudi kwa mwenye kinu ilikuwa senti 26 za Yuro. Si Yuro 26, senti. Kama moja kwa elfu ya bei ya mwisho. Serikali zilikuwa zimejenga vinu kwa utafiti, zikawa zinauza nafasi ya kuchoma urani kwa bei isiyofidia hata gharama za kuviendesha, ndiyo sababu hakuna aliyekuwa na haraka ya kujenga vipya. Sehemu kubwa ya ile 245 iko hospitalini kwenyewe: kamera, chumba, mishahara, usomaji wa picha.

Katikati ya kinu na hospitali, mwizi ni saa. Molibdenamu-99 hupungua nusu kila baada ya saa 66. Ndani ya siku moja hubaki asilimia 78, siku mbili 60, siku tatu 47. Wanaoitenga kwenye kiwanda huuziana kwa kipimo cha kitakachokuwa kimebaki siku sita baada ya mzigo kutoka, ambacho ni asilimia 22. Kwa lugha ya soko, anayepakia 100 analipwa 22. Ndege ikikosa kuruka siku moja, asilimia 22 ya kilichokuwepo imepotea, na hakuna bima inayorudisha atomu.

Kinachofika hospitalini ni jenereta, ndoo ndogo nzito kwa sababu imezungushiwa risasi. Katikati yake kuna safu ndogo ya alumina ambako molibdenamu imeng'ang'ania. Mtaalamu anachomeka kichupa cha maji ya chumvi upande mmoja, na upande wa pili kichupa kitupu kilichonyonywa hewa yote, nacho kimevikwa koti la risasi. Utupu unavuta. Maji yanapita juu ya alumina, molibdenamu inabaki, teknesiamu iliyozaliwa tangu jana inashuka nayo. Wenyewe huita kazi hiyo kukamua, na kama ng'ombe, ukikamua asubuhi lazima usubiri. Baada ya saa 24 kiwele kimejaa tena. Kisha hupimwa kama kuna molibdenamu iliyoponyoka: ikizidi kilobekereli 0.15 kwa kila megabekereli ya teknesiamu, yote hutupwa. Baada ya hapo kilichokamuliwa huingizwa kwenye kichupa cha unga wa DTPA au MAG3. Unga huo hauna mionzi na hukaa kabatini miezi mingi. Ndani yake kuna bati kidogo la kuilainisha teknesiamu, maana ikitoka kwenye jenereta haishikani na chochote. Hewa ikiingia kichupani, bati huharibika na picha hutoka mbovu: tumbo linang'aa, tezi ya shingo inang'aa, figo hazionekani vizuri. DTPA unatikisa, unasubiri kama robo saa. MAG3 lazima ichemshwe kwa dakika 10.

Tukae hapa kidogo, maana ndipo mahesabu yanapogeuka. Jenereta ya wastani tuiweke megabekereli 10,000 za molibdenamu Jumatatu asubuhi. Si teknesiamu yote inayotoka. Ukijumlisha vipotevu vyote, kila baada ya saa 24 unapata kama asilimia 80 ya molibdenamu iliyopo. Jumatatu unakamua 8,000. Jumanne 6,200. Jumatano 4,800. Alhamisi 3,750. Ijumaa 2,900. Kamera moja, ukihesabu kumwandaa mgonjwa, kumdunga, kumpiga picha na kumteremsha, inaweza kuhudumia watu 7 wa figo kwa siku, mmoja kila saa, kuanzia saa 3 asubuhi hadi saa 9 alasiri. Umekamua saa 2. Wa kwanza anatumia 225 ili apate 200 wakati wa sindano. Wa saba, aliyesubiri hadi saa 9, anatumia 450. Wote saba kwa pamoja: kama 2,280.

Angalia Ijumaa. Kuna 2,900, wanahitaji 2,280. Jenereta hii inatosheleza watu 35 kwa wiki na bado inabakiza. Jumatatu ya pili imeshuka hadi kama 1,370, ambayo inawatosha wanne. Wa tano anakosa kwa megabekereli sitini na kitu. Kwa wiki ya kwanza, basi, atomu si tatizo. Tatizo ni viti vya wagonjwa vinavyobaki wazi.

Kwa ajili ya hesabu tu, tuseme jenereta ikiwa imefika, imelipiwa ndege, ushuru na vibali, imegharimu shilingi milioni 7. Hiyo ni namba ya kuchezea, weka yako. Ikihudumia watu 35, kila mmoja amebeba 200,000. Wakija 5 wiki hiyo, kila mmoja amebeba milioni 1.4, na zile dozi 30 zilizobaki zimeyeyuka usiku bila kumfaa mtu. Jenereta haina habari na idadi ya waliofika. Duka la dawa likikosa wateja wiki hii litauza wiki ijayo. Idara ya tiba ya nyuklia haiwezi. Hospitali zenye wagonjwa wachache hufanya jambo la busara: huagiza jenereta kwa vipindi, na kuwakusanya wagonjwa kwenye wiki hiyo. Anayeandika barua ya rufaa kule Kibondo anapaswa kuijua ratiba hiyo, na mara nyingi haijui. Mama anaweza kupanda basi akafika Dar Alhamisi ya wiki ya pili, akaambiwa aje Jumatatu.

Swali linalofuata ni dhahiri: kwa nini kamera isiwe Maweni? Zipimwe namba kwanza. Vipimo vya teknesiamu duniani hukadiriwa kuwa milioni 30 kwa mwaka au zaidi, kwa watu bilioni 8. Hiyo ni 3.75 kwa kila watu 1,000. Kigoma ikifuata wastani huo, watu wake 2,470,967 wangehitaji zaidi ya vipimo 9,200 kwa mwaka, kama 178 kwa wiki: jenereta tano za aina ile. Wastani huo unabebwa na nchi tajiri, nakubali. Chukua moja ya kumi yake. Ni 18 kwa wiki. Jenereta moja, nusu ya viti vimekaliwa, kama 390,000 kwa mtu kwa ile bei yangu ya kuchezea. Si kichekesho. Lakini wale 18 wasingekuwa wa figo pekee. Wengi wangekuwa wa moyo, mifupa na tezi ya shingo. Kamera ya gama haiishi kwa figo, na anayeiombea Kigoma kamera kwa hoja ya figo peke yake atashindwa kwenye kikao cha kwanza cha bajeti.

Kuna mambo ambayo zamani yangemaliza mjadala na sasa hayamalizi. Umeme wa gridi ya Taifa ulifika Kigoma mwaka 2022, baada ya miaka ya majenereta ya dizeli; kamera inayozimwa ghafla katikati ya kipimo ni kipimo kilichoharibika na teknesiamu iliyopotea. Barabara ya Kabingo, Kasulu hadi Manyovu, kilomita 260, imekuwa ikijengwa kwa lami kwa mkopo wa Benki ya Maendeleo ya Afrika. Ndege hutua Kigoma. Kilichobaki kigumu ni watu: mfamasia wa mionzi, mwanafizikia wa tiba, mtaalamu wa kamera, daktari wa kusoma, na leseni ya Tume ya Nguvu za Atomiki ambayo haitolewi kwa kituo kisicho na hao. Kamera hununuliwa kwa mamia ya maelfu ya dola mara moja. Watu hulipwa kila mwezi.

Je, sayansi haiwezi kutengeneza kifuatiliaji kinachoivumilia barabara yetu? Historia inajibu kwa kejeli. Kipimo cha kwanza cha aina hii, mwaka 1956, kilifanywa na Taplin na Winter kwa iodini-131. Miaka minne baadaye ikaja Hipurani, nayo ya iodini-131, ambayo figo huikamata kwa zaidi ya asilimia 80 kila inapopita. Kwa kazi hiyo hakuna iliyoishinda. Iodini-131 hupungua nusu kwa siku 8. Katika ile safari yetu ya saa 20 ingepoteza asilimia 7 tu! Ingefika Mtendeli ikiwa nzima. Kasoro yake ni kwamba hutoa mionzi inayounguza tishu bila kufaidisha picha, miali yake ni mikali mno kwa kamera, na kwa sababu hiyo mgonjwa hupewa kidogo sana na picha hutoka yenye ukungu. Mwaka 1986 Alan Fritzberg na wenzake wa Utah wakaitoa MAG3: mionzi kidogo, picha safi, nusu-uhai (yaani muda wa kupungua nusu) ya saa 6. Mgonjwa alipata nafuu, na mwenye kuishi mbali akasogezwa mbali zaidi. Hakuna aliyekusudia hivyo. Wakemia walikuwa wakitengeneza dawa kwa ajili ya hospitali zilizo saa chache kutoka kiwandani.

Mwaka 1992 kundi la Alfons Verbruggen wa Leuven, Ubelgiji, likatangaza EC, ambayo huvutwa na figo haraka kuliko MAG3 na, jambo ambalo mimi naliona kubwa zaidi, huandaliwa bila kuchemshwa. Nchi kama India zinaitumia sana. Mwaka 2010 Andrew Taylor wa Emory, Atlanta, na wenzake wakaonyesha kwa watu wachache wa kujitolea kiwanja cha teknesiamu kinachojulikana kwa herufi NTA, kilichoenda sambamba na Hipurani karibu kabisa. Kisayansi ni ushindi. Kibiashara hakijawa kichupa cha kawaida kwenye makabati ya hospitali, na sababu haihitaji kutafutwa mbali: kupitisha dawa mpya kwenye majaribio na mamlaka hugharimu mamilioni ya dola hata kama inadungwa nanogramu moja, wakati soko la picha za figo ni dogo na MAG3 tayari ipo. Nani atalipa mamilioni ili mstari wa figo uwe mzuri zaidi kidogo?

Kwa mahali kama Kakonko nadhani swali limekuwa likiulizwa upande usio wake. Nusu-uhai ya kifuatiliaji chenyewe haina shida. Ikiwa fupi ni nzuri kwa mwili. Inayotuumiza ni ya mzazi wake, zile saa 66. Kuna kifuatiliaji kingine, galiamu-68, na mzazi wake ni jemaniamu-68, ambayo hupungua nusu kwa siku 271. Kwa wiki, jenereta ya molibdenamu hupoteza asilimia 83. Ya jemaniamu hupoteza chini ya 2. Ingeweza kupanda lori, ikachelewa mizani, ikalala Nyakanazi, na bado ikafanya kazi mwaka mzima. Galiamu-68 ikiunganishwa na EDTA huchujwa na figo kama DTPA, na wataalamu wa Melbourne wameshaitumia kwa wagonjwa. Tatizo ni kamera. Galiamu inataka kamera ya aina nyingine, PET, inayozidi kwa urahisi dola milioni moja. Hospitali ya Aga Khan ya Nairobi ilipozindua yake mwaka 2018 ilikuwa habari ya Afrika Mashariki nzima. Umeokoa kwenye ndoo, umemwaga kwenye mashine. Bado hesabu hii inastahili kurudiwa kila baada ya miaka michache, kwa sababu mashine hushuka bei na molibdenamu haishuki.

Kwa mtu mzima anayetaka tu kujua figo zake zote mbili zinachuja kiasi gani, kuna njia isiyotaka kamera: iohexol ile ya utafiti wa Uganda. Unadungwa Kibondo, unatolewa damu mara mbili tatu katika saa zinazofuata, damu inachujwa na kugandishwa, na chupa ndiyo inayopanda basi. Haipungui njiani kwa sheria ya nusu-uhai. Inachotaka ni maabara moja nchini yenye mashine ya kuisoma. Haiwezi kusema figo ipi ni mbovu, kwa hiyo haimsaidii yule mtoto, wala ndugu anayetaka kutoa figo. Na hao wa mwisho wanaongezeka: Muhimbili ilipandikiza figo kwa mara ya kwanza Novemba 2017, Benjamin Mkapa ya Dodoma ikafuata 2018. Kabla ya kumtoa mtu figo moja, lazima ujue inayobaki itambeba.

Turudi kwa mtoto, kwa sababu gharama yake haijaisha. Kwa mkimbizi aliye kambini kuna pia hatua za ziada: kamati ya rufaa inayopima matumaini ya kupona dhidi ya gharama, na kibali cha kutoka kambini. Akishapimwa Dar, upasuaji wa kuzibua mfereji unaweza kufanyika huko au Bugando, Mwanza. Baada ya miezi mitatu hadi sita daktari atataka kujua kama figo imepata nafuu, na kwa utaratibu wa vitabuni hiyo ni picha ya pili ya kifuatiliaji. Safari nyingine ya saa 20 kwenda, 20 kurudi, mama na mtoto, na wiki ya jenereta ya kuvizia. Wengi hawarudi. Hapa wapasuaji kadhaa wameamua kuwa wachumi: mtoto apigwe utrasaundi wilayani kwanza, na kama uvimbe wa figo umepungua waziwazi, safari ya pili ifutwe. Dar aende yule tu ambaye uvimbe haujashuka. Kwa hilo hospitali ya wilaya inahitaji picha ya kwanza ya utrasaundi iliyopimwa kwa milimita na kuandikwa kwenye kadi, ili ya pili iwe na cha kulinganishwa nacho.